Jinsi ya Kupima Uaminifu wa Kampuni Ndogo Zinazopanga Gredi za Kadi za Michezo

Kampuni ya kupanga gredi huikagua kadi ya michezo, yaani kadi yenye picha ya mwanamichezo, huipa namba ya hali yake, 10 ikiwa ya juu kabisa, kisha huifungia ndani ya kasha. Mkusanyaji wa kadi hizo aliyeko Nairobi hukutana na kampuni ndogo za kupanga gredi mapema kuliko mwenzake wa Chicago au London, na sababu yake ni ya kifedha. Kuituma kadi Marekani, kulipia huduma, bima na usafiri wa kurudi, kisha kukabiliana na forodha, ni gharama inayoweza kupita thamani ya kadi yenyewe. Kwa hiyo muuzaji huja na kadi ambayo tayari imefungwa ndani ya kasha gumu la plastiki, lebo juu yake ikisema 10, pamoja na jina la kampuni ambalo mnunuzi hajawahi kulisikia. Bei yake ni nusu ya ile inayotajwa kwa kadi kama hiyo iliyopangwa na kampuni kubwa, na mnunuzi anatakiwa aamue palepale. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuamua, na msingi wake ni mmoja: kampuni inastahili kuaminiwa kwa kadiri ile ambayo mtu asiyefaidika nayo anaweza kuikagua bila kuiomba ruhusa.

Majina ya kampuni yanayotambulika karibu kila mahali katika soko hili ni machache. PSA ilianza mwaka 1991, SGC mwaka 1998, huduma ya Beckett ya kupanga gredi mwaka 1999, na CGC, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya vitabu vya katuni, iliingia katika kadi mwaka 2020. Februari 2024 kampuni mama ya PSA iliinunua SGC. Katika kipindi cha korona watu wengi waliorudia kadi zao za utotoni walizituma kwa wingi kiasi kwamba, mwishoni mwa Machi 2021, PSA ililazimika kusimamisha kwa muda sehemu kubwa ya huduma zake, na ni katika pengo hilo ambapo kampuni nyingi ndogo zilizaliwa au kukua. Baadhi zilikuwa na watu wanaoijua kazi. Nyingine zilikuwa na mashine ya kuchapisha lebo na shehena ya makasha matupu. Upya wa kampuni peke yake usihesabiwe kuwa kosa, kwani hata PSA ilikuwa mpya siku moja.

Maswali matatu ndani ya namba moja

Gredi moja hubeba majibu ya maswali matatu. Je, kadi ni halisi? Je, imechezewa, yaani kingo zimekatwa, rangi imeongezwa, mkunjo umenyooshwa au uso umesafishwa kwa kemikali? Na je, hali yake ikoje katika pembe, kingo, uso na ulinganifu wa picha ndani ya mipaka yake? Swali la tatu ndilo jepesi, na mtu makini mwenye lenzi na mwanga mzuri anaweza kujifunza kulijibu kwa mazoezi. Mawili ya kwanza yanadai uzoefu wa kadi nyingi za toleo lile lile, ujuzi wa karatasi na wino wa kila kipindi, na nakala halisi za kulinganishia. Kampuni ndogo nyingi hujitangaza kwa swali la tatu, zikionyesha kamera, programu za kupimia na alama zenye desimali, ilhali hasara kubwa ya mnunuzi hutokana na yale mawili. Kadi halisi iliyostahili 8 ikapewa 9 inakupunguzia faida. Kadi bandia iliyopewa 9 inakumalizia pesa zote.

Ndiyo maana swali la kwanza la kuiuliza kampuni usiyoijua linahusu kadi inazozikataa. Je, ina lebo maalumu ya kadi halisi iliyokatwa au kuchezewa? Je, inarudisha kadi bandia bila kuzifungia kwenye kasha, na inaeleza sababu? Kampuni ambayo kumbukumbu zake hazionyeshi kadi hata moja iliyokataliwa ina uwezekano mkubwa kuwa haijawahi kukataa, na asiyewahi kukataa hana thamani anapokubali.

Ni haki kusema wazi kwamba hata wakubwa huteleza. Kadi ya kwanza kabisa kupewa gredi na PSA, ile ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner ya toleo la T206 lililochapishwa kati ya 1909 na 1911, ilipewa 8 na baadaye, mwaka 2007, ikauzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 mnadishaji Bill Mastro, akiwa mshtakiwa katika kesi ya udanganyifu huko Marekani, alikiri kwamba alikuwa amezikata kingo zake. Mwaka 2019 wakusanyaji walilinganisha picha za minada ya zamani na ya karibuni wakagundua kadi nyingi zilizokatwa au kusafishwa kisha zikapewa gredi ya juu kuliko ile ya awali. Makosa hayo yalifichuka kwa sababu kulikuwa na picha zilizo wazi kwa umma, namba za vyeti na historia ya mauzo ambayo mtu yeyote angeweza kuifuatilia. Kampuni ndogo isiyoacha nyayo za namna hiyo haiwezi kujisifu kwamba haijapatikana na kosa, kwa kuwa haijampa mtu yeyote nafasi ya kulitafuta.

Viwango vinavyopimika

Tafuta maelezo ya gredi ambayo kampuni imeyachapisha, kisha usome kama mtu anayetaka kubishana nayo. Maneno kama “kadi nzuri sana” au “karibu kamilifu” hayabishaniki. Kiwango kinachobishanika hutaja kipimo. PSA, kwa mfano, imeandika kwamba kadi ya 10 isipotoke upande wa mbele zaidi ya takriban 55 kwa 45, na nyuma 75 kwa 25. Hesabu hiyo unaweza kuifanya mwenyewe: pima upana wa mpaka wa kushoto na wa kulia kwa rula yenye milimita au kwa vernia kalipa, jumlisha, kisha tafuta sehemu ya kila upande. Mpaka wa milimita 3 kushoto na 2 kulia ni 60 kwa 40, na kadi hiyo haistahili 10 kwa kipimo hicho hata lebo ikimetameta namna gani.

Beckett nayo kwa muda mrefu imejulikana kwa alama nne ndogo kwenye lebo, moja kwa kila kipengele, na faida yake ni kwamba mnunuzi anaona gredi ilitoka wapi. Kampuni ndogo inayoiga mpangilio huo inapaswa pia kueleza jinsi alama nne zinavyokuwa moja. Ikiwa pembe zimepewa 8 na gredi ya jumla ni 10, au ikiwa alama zote nne za kila kadi yake ni zile zile, lebo hiyo ni mapambo.

Namba ya cheti na daftari la idadi

Kila kasha linapaswa kuwa na namba ya cheti ambayo ukiiingiza kwenye tovuti ya kampuni inaleta kumbukumbu ya kadi. Charaza anwani ya tovuti mwenyewe badala ya kufuata msimbo wa QR uliochapishwa kwenye lebo, kwa kuwa anayeweza kughushi lebo anaweza pia kuuelekeza msimbo wake kwenye tovuti aliyoitengeneza yeye. Kisha angalia kinacholetwa. Kumbukumbu inayorudia tu maneno yaliyo kwenye lebo ina uzito mdogo, maana mghushi hunakili namba halali kutoka kwenye picha ya mnada na kuibandika kwenye kasha jingine. Kumbukumbu yenye picha za mbele na nyuma zilizopigwa na kampuni ndiyo inayokusaidia: linganisha doa dogo la wino, upana wa mipaka, nyuzi zilizochomoza kwenye ukingo. Hakuna kadi mbili zinazofanana katika vitu hivyo vyote.

Baada ya hapo fungua daftari la idadi, yaani orodha inayoonyesha kila kadi imepewa gredi ipi mara ngapi. Kama kampuni haina daftari la umma, usiendelee. Kama inalo, usikimbilie kuihukumu kwa wingi wa 10, kwa sababu wateja huchagua kadi zao bora kabla ya kutuma, na kadi za kisasa hutoka kwenye pakiti zikiwa safi. Linganisha kadi moja kwa kadi ile ile. Kadi namba 57 ya mchezaji wa mpira wa kikapu Michael Jordan, ya toleo la Fleer la 1986, imepitia PSA zaidi ya mara 20,000, na zilizopata 10 ni mia tatu na ushee. Hiyo haifiki hata 2 kwa kila 100. Ukikuta kampuni ndogo iliyoipokea kadi hiyo mara chache na nusu yake ikawa 10, hakuna maelezo ya heri yanayotosha.

Wenye kampuni ni akina nani

Hapa ndipo ninapoona wanunuzi wengi wakipita haraka, nami ningewasihi wakae zaidi, kwa sababu udhaifu mkubwa wa kampuni ndogo uko kwenye umiliki kuliko kwenye lenzi. Mtu anayemiliki kampuni ya kupanga gredi na papo hapo akauza kadi zilizopangwa na kampuni hiyo anajipa alama mwenyewe katika mtihani aliojitungia. Anaweza kuwa mwaminifu, lakini wewe huna njia ya kujua.

Dalili zake huonekana kwa anayetafuta. Muuzaji mmoja ana kadi nyingi, zote zimo kwenye makasha ya kampuni ile ile, na karibu zote ni 9.5 au 10. Anwani ya posta ya duka na ya kampuni ni moja. Kadi za kampuni hiyo haziuzwi na mtu mwingine yeyote. Kampuni ikiwa imesajiliwa Kenya, unaweza kupitia eCitizen kuomba hati ya CR12 kutoka Huduma ya Usajili wa Biashara, ambayo hutaja wakurugenzi na wenye hisa. Ikiwa ni ya Uingereza, rejista ya Companies House husomwa bure mtandaoni. Kwa Marekani, majimbo huwa na rejista zake za kampuni. Majina unayoyapata yalinganishe na majina ya wauzaji. Kampuni safi huandika wazi kama wafanyakazi wake wanaruhusiwa kununua na kuuza kadi, na kama mwenye kadi hujulikana kwa yule anayeipanga.

Uliza pia nani anakagua. Si lazima upewe majina, lakini unapaswa kuambiwa kila kadi inapita mikononi mwa watu wangapi, na nani huamua wanapotofautiana. Kampuni ya mtu mmoja inaweza kufanya kazi nzuri kwa kadi za kisasa za bei ya kawaida. Kwa kadi ya karne iliyopita yenye thamani kubwa, macho mawili hayatoshi.

Dhamana

Soma dhamana neno kwa neno kabla ya kulipa. Dhamana ya kweli hutaja ni nini kinachofidiwa, kwa bei ya siku ipi, kwa kiwango gani cha juu, na nani anaamua kwamba kadi ni bandia au imechezewa. Ikiwa mwamuzi ni kampuni yenyewe na fidia ni kurudishiwa ada ya huduma tu, basi dhamana hiyo inalinda ada, hailindi kadi. Aliyeko Nairobi aongeze hesabu moja: kadi italazimika kusafiri hadi kwa kampuni ili idaiwe, na kama usafiri wenye bima unagharimu zaidi ya thamani ya kadi, dhamana iliyoandikwa vizuri kabisa haitamfikia.

Kuikagua kadi ndani ya kasha

Vifaa vinavyohitajika havina gharama kubwa. Lenzi ya sonara inayokuza mara 10 inatosha, pamoja na taa ya urujuanimno kama ile inayotumiwa na makeshia kukagua noti bandia, ambayo hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini.

Anza na uchapishaji. Picha ya kadi nyingi za karne ya 20 imeundwa kwa nukta ndogo za rangi zilizopangwa kama maua madogo, ilhali maandishi meusi na mistari ya mipaka mara nyingi vilichapwa kwa wino mmoja mzima. Kadi bandia iliyotokana na picha ya kuskani huwa na nukta hata ndani ya herufi, na kingo za herufi huonekana zimetawanyika. Kadi ya Jordan niliyoitaja imeghushiwa mno, na kipimo hiki kimewaokoa wengi.

Kisha washa taa ya urujuanimno gizani. Viwanda vya karatasi vilianza kutumia kemikali za kung’arisha kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo kadi inayodaiwa kuwa ya 1910 ambayo karatasi yake inang’aa kwa rangi ya samawati nyeupe haiwezi kuwa ya 1910. Kumbuka kwamba baadhi ya plastiki huzuia miale hiyo au hung’aa yenyewe. Ndiyo sababu ni vizuri kuwa na kasha jingine la kampuni hiyo hiyo la kulinganishia. Kutong’aa nako hakuthibitishi uhalisi, kwani karatasi ya zamani inaweza kuchapwa upya.

Kagua pia ukubwa. Kadi ya kawaida ya kisasa ni milimita 63.5 kwa 88.9, ingawa matoleo ya zamani yana vipimo vyake na ni lazima uvijue kabla ya kupima. Ukingo mmoja uliokatwa huonekana mnyoofu na mkali kuliko ile mingine mitatu, au mpaka wa upande huo huwa mwembamba bila sababu. Mwisho, pitisha kidole na lenzi kwenye mshono wa kasha: ukungu mweupe, ufa au gundi ni dalili kwamba limewahi kufunguliwa. Kadi inayocheza ndani ya kasha hugonga pembe zake kila inaposafirishwa, na kampuni isiyojali hilo haijaijali kadi.

Jaribio la kadi za bei ndogo

Kama unafikiria kuitumia kampuni mara kwa mara, lifanye jaribio kabla ya kuikabidhi kadi unayoipenda. Chukua nakala kadhaa za kadi ile ile ya bei ya chini. Ziandikie gredi zako mwenyewe kwenye karatasi, upige picha kila upande, uifunge karatasi hiyo kwenye bahasha. Nakala moja iwe safi, moja iwe na pembe iliyolegea, na moja uikate ukingo kwa kisu na rula, milimita moja tu. Zitume pamoja bila maelezo. Nakala iliyokatwa ikirudi na gredi ya kawaida, umepata jibu la swali la pili, lile la kadi iliyochezewa, ambalo ni mojawapo ya yale mawili mazito. Nakala safi ifungue, uitume tena baadaye kwa jina la rafiki. Ikirudi na tofauti ya nusu alama hilo ni jambo la kibinadamu, ikitofautiana kwa alama mbili hakuna kipimo kinachotumika pale. Ile iliyokatwa iharibu kabisa baada ya jaribio, isije ikaangukia mikononi mwa mnunuzi ikiwa na lebo inayomdanganya.

Soko linasema nini

Bei inayoombwa haina maana. Tafuta bei iliyolipwa. Kwenye eBay kuna chujio la kuonyesha mauzo yaliyokamilika. Tafuta kadi moja katika hali tatu: isiyo na gredi, iliyopangwa na kampuni ndogo, na iliyopangwa na kampuni kubwa kwa gredi ile ile. Ikiwa kadi ya kampuni ndogo yenye 10 inauzwa kwa bei ya kadi isiyo na gredi, basi wanunuzi wenye pesa zao wameshaihukumu, na nusu bei uliyopewa mwanzoni haikuwa punguzo. Ikiwa inauzwa kwa bei iliyo kati, angalia kama wanunuzi ni wengi na tofauti, au ni mauzo machache yanayofanana mno. Tazama pia wanaosimulia walivyozitoa kadi kwenye makasha ya kampuni hiyo na kuzituma kwingine: kama kawaida hushuka kwa nusu alama au moja, unaweza kununua ukiwa umeshaipunguza gredi kichwani mwako. Ni busara ya kawaida kwa anayejua anachokifanya.

Kuhusu malipo ya hapa nyumbani, lipa kwa namba ya till iliyosajiliwa kwa jina la biashara kuliko namba ya simu ya mtu, na uombe risiti inayotaja jina la kampuni ya gredi, namba ya cheti na maneno “kadi halisi”. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na risiti ya namna hiyo inakupa pa kushika. Ukituma kadi nje kupitia wakala anayekusanya mizigo ya watu kadhaa, hifadhi picha, orodha na hati ya usafirishaji, ili kadi inaporudi uweze kuonyesha forodha kwamba ilitoka Kenya na haikununuliwa upya.

Kadi nyingi zinazopatikana Nairobi hazihitaji gredi ya mtu yeyote. Kadi za soka za Match Attax za Victor Wanyama wa enzi za Southampton na Tottenham zina thamani kubwa moyoni mwa Mkenya, lakini nyingi kati yake zinauzwa kwa bei iliyo chini ya ada ya kuzipanga. Kifuko safi na mfuniko mgumu vinazitosha, na kampuni inayokushawishi ulipie gredi ya kadi za namna hiyo inatazama ada yake.

Ikiwa tayari unayo kadi iliyopangwa na kampuni ambayo imefungwa na tovuti yake haifunguki tena, usiharakishe kuvunja kasha, kwa sababu pembe huumia katika kazi hiyo na plastiki bado inalinda. Piga picha za mbele, nyuma na mshono kwa mwanga wa mchana, pima mipaka, andika gredi unayoiona wewe. Unapoiuza, itangaze kama kadi isiyo na gredi, umwambie mnunuzi kwamba cheti hakiwezi tena kuthibitishwa, na uiweke bei ya kadi yenyewe.